Naitreti kwa mboga na chakula cha mtoto: maswali ambayo akina mama wa Kisumu, Nakuru na Western huuliza sana

Kuna habari huzunguka kwa simu ati spinachi inamaliza damu ya mtoto, na tangu ianze kuzunguka maswali yamekuwa mengi, kliniki, sokoni, hadi kwa matanga. Nimejibu hapa venye ningemjibu dada yangu. Kama huna wakati wa kusoma yote soma ile ya mboga iliyolala na ile ya maji ya kisima, hizo mbili ndizo zinanikosesha usingizi.

Naitreti ni nini na imefikaje kwa mboga yangu?

Ni chumvi ya naitrojeni ambayo kila mmea hufyonza kutoka kwa udongo ndio uweze kujenga majani. Iwe umeweka mbolea ya CAN ya dukani, samadi ya ng'ombe ama kinyesi cha kuku, mwishowe bakteria wa udongo huigeuza kuwa naitreti na mizizi inaivuta. Jua likiwaka jani linaitumia kutengeneza protini, jua likikosekana inarundikana tu. Kwa hivyo usitafute mboga isiyo na naitreti kabisa, haipo. Karibu asilimia 80 ya naitreti tunayokula hutoka kwa mboga.

Yenyewe haina makali sana. Shida inaanza bakteria wakiibadilisha iwe naitraiti, na wanaweza kuibadilisha ndani ya mdomo, ndani ya tumbo ama hata ndani ya sufuria. Naitraiti ikiingia kwa damu inaharibu ile himoglobini inayobeba oksijeni, damu iko lakini haibebi kitu. Madaktari huita hio hali methemoglobinemia. Shika hio tofauti ya naitreti na naitraiti, juu karibu kila jibu hapa chini linarudi hapo.

Ni mboga gani iko nayo nyingi?

Mboga za majani zinaongoza. Terere (mchicha, ododo kwa Wajaluo), spinachi, letusi, na pia bitiruti ingawa hio ni mzizi. Sukuma, kabeji, karoti na malenge ziko katikati. Nyanya, vitunguu, viazi na njegere ziko chini.

Ndani ya mboga moja pia haigawanyiki sawa, shina na ule mshipa mnene wa katikati ya jani hubeba nyingi kuliko jani lenyewe. Hii spinachi yetu ya shina nene jeupe, ile mama mboga anakukatia nyembamba kwa kisu, ni jamaa ya bitiruti na hilo shina ndio ghala. Ukimpikia mtoto toa shina, bakisha jani.

Ndio upate picha, Umoja wa Ulaya umeweka kikomo cha miligramu 3,500 za naitreti kwa kila kilo ya spinachi mbichi, lakini kwa chakula cha watoto wachanga kinachouzwa kimesagwa tayari kikomo ni miligramu 200. Ona hio tofauti. Wanajua mtoto hana kifua cha mtu mzima.

Kwa hivyo niache kula terere na managu?

Hapana, tafadhali usiache. Hii ndio hofu mbaya zaidi inayoletwa na hizo habari za simu. Mboga zetu za kienyeji, managu, saga, mrenda, kunde, mitoo, terere, ndizo zinaleta vitamini A, madini ya chuma na foleti kwa nyumba nyingi ambazo nyama inaonekana Krismasi. Mtu mzima mwenye afya anaikula naitreti ya mboga bila shida, na kuna utafiti mwingi unaonyesha mwili huigeuza sehemu yake kuwa gesi inayolegeza mishipa ya damu, ndio maana juisi ya bitiruti hushusha presha kidogo kwa watu wengine.

Haya mengine yote ninayoandika ni kuhusu mtoto mdogo na namna ya kuhifadhi. Mtu mzima asijifiche nyuma ya hii makala akatae mboga.

Basi kiasi gani ni salama?

Wataalamu wa shirika la afya duniani (WHO) na la chakula na kilimo (FAO), na wale wa usalama wa chakula Ulaya, wanatumia kipimo cha miligramu 3.7 za naitreti kwa kila kilo ya mwili kwa siku. Mtu wa kilo 60 anapata kama miligramu 222. Mtoto wa kilo 8 anapata kama 30 peke yake. Sasa ukichukua spinachi yenye miligramu 2,000 kwa kilo, ambayo ni kawaida tu, huyo mtoto wa kilo 8 anafika kikomo chake na gramu 15 za spinachi, hizo ni vijiko viwili vitatu hivi.

Usishtuke lakini. Kipimo hicho ni cha kula kila siku maisha yote na kimewekwa na nafasi kubwa ya usalama, mtoto akipita Jumanne hafi Jumatano. Kinachotuambia ni kwamba mtoto wa mwaka mmoja asipewe spinachi ama terere peke yake asubuhi na jioni kila siku ya Mungu. Leo terere kidogo ndani ya viazi, kesho malenge, kesho kutwa ndengu, omena iliyosagwa, yai. Zungusha.

Na hicho kipimo hakihusu mtoto aliye chini ya miezi 3, wao hata hicho ni kingi.

Kwa nini mtoto mchanga anadhurika na mimi sidhuriki?

Sababu ziko kadhaa na zinakutana kwa mtoto mmoja. Asidi ya tumbo lake bado ni hafifu kwa hivyo bakteria wanaobadilisha naitreti wanaishi humo vizuri. Himoglobini aliyozaliwa nayo inaharibika haraka kuliko yetu. Kile kimeng'enya cha kuirekebisha himoglobini iliyoharibika yeye bado anacho kidogo. Halafu kwa kila kilo ya mwili wake anakunywa na kula mara nyingi zaidi kukuliko. Akishafika miezi sita mambo yanaanza kutulia, ingawa si siku moja.

Kuhara kunaongeza hatari sana. Tumbo lenye maambukizi linatengeneza naitraiti zaidi, kwa hivyo mtoto anayeharisha weka kando spinachi, terere na bitiruti hadi apone, endelea na maziwa ya mama, ORS na zinki.

Dani ama kukhu (nyanya wa mtoto) anasema mtoto wa miezi mitatu apewe supu ya mboga ndio apate damu. Nimwambie nini?

Mwambie kwa heshima kwamba kliniki imesema maziwa ya mama peke yake hadi miezi sita, na umwonyeshe kile kitabu cha kliniki maana imeandikwa. Wazee wetu wanasema hivyo kwa mapenzi, waliona watoto wamekosa damu na mboga ikawasaidia wakubwa. Lakini miezi mitatu ndio ule wakati mwili wa mtoto hauwezi kabisa naitraiti, na madaktari wa watoto wa Marekani waliandika wazi mwaka 2005 kwamba spinachi, bitiruti, karoti, malenge na mishiri (maharagwe machanga ya ganda) vilivyopikwa nyumbani visipewe mtoto kabla ya miezi 3. Supu ndio mbaya zaidi juu naitreti inayeyuka kwa maji, ukimpa supu umempa ile uliyokuwa unataka kuitoa.

Mama anayenyonyesha mwenyewe ale mboga ashibe. Naitreti haijazani kwa maziwa ya mama.

Nikipika saga jioni naweza kumpa mtoto kesho yake?

Hapa ndio penyewe.

Mboga ikishaiva na ikakaa kwa joto la nyumba, bakteria wanaingia na kuanza kugeuza naitreti kuwa naitraiti. Ikiwa imesagwa inaenda haraka zaidi juu jani limevunjika na maji yake yametoka. Huko Uhispania kulitoka ripoti mwaka 2001 ya watoto walioletwa hospitali wamegeuka rangi baada ya kula mboga za kusagwa zilizopikwa nyumbani zikahifadhiwa, na mboga yenyewe ilikuwa hii hii spinachi ya shina jeupe. Ujerumani waliona mambo kama hayo na spinachi miaka ya 1960. Si chakula cha kiwanda, ni chakula cha mama aliyejitahidi kupika.

Sasa sisi watu wa Nyanza na Western tuko na desturi ya kupika saga na managu, tunatia maziwa, tunapasha moto leo, kesho na kesho kutwa hadi uchungu uishe na iwe laini, na ni tamu kweli, siipingi kwa wakubwa. Kwa mtoto chini ya mwaka mmoja sikubali. Watu wananiambia lakini naichemsha vizuri tena. Kuchemsha tena kunaua bakteria, ni sawa, lakini naitraiti waliyoshatengeneza inabaki pale pale. Moto hauitoi.

Kwa hivyo ya mtoto ichotwe kwa sufuria siku ile ile imeiva, kabla haijatiwa kitu kingine, aile hapo hapo. Kama uko na friji iweke ikiwa imepoa kidogo tu, usingoje usiku, na iishe siku hio hio. Ukiigandisha kwa friza mapema ni sawa pia, ukishaiyeyusha usiirudishe. Huna friji? Pika kidogo. Majani manne ya terere yanaiva kwa dakika chache, hayahitaji sherehe.

Mtoto anashinda deikea. Chakula chake nakipika alfajiri, nifanyeje?

Wacha nieleze venye huwa. Mama anatoka Nyalenda saa kumi na moja asubuhi, amesaga spinachi na viazi, ameweka kwa kopo la plastiki, amelifunga kwa leso ndani ya begi pamoja na nepi. Kisumu inafika nyuzi 29 ama 30 mchana. Saa saba deikea wanafungua kopo, chakula ni vuguvugu, kijani imeanza kugeuka kahawia pembeni, kijiko kinaingia mdomoni kinarudi kwa kopo, mtoto anakula nusu, wanafunga, saa kumi wanamalizia. Masaa kumi na moja ya joto, na mate ndani, na mate yako na hao bakteria wenyewe wanaopenda naitreti.

Hakuna mtu amekosea hapo kwa kutojali, kila mtu anajitahidi. Badilisha mpangilio tu. Mchana wa deikea peleka vitu vyenye naitreti kidogo kama viazi na njegere, ndizi, parachichi linalofunguliwa hapo hapo, yai la kuchemsha, uji kwa flaski safi. Mboga ya majani mpe jioni ukirudi, ikitoka kwa moto. Na waambie deikea watoe kiasi kwa sahani, kijiko cha mtoto kisirudi kwa kopo.

Nikichemsha mboga nimwage maji?

Ya mtoto mwaga. Sehemu kubwa ya naitreti inatoka na maji, hasa ukichemsha kwa maji mengi. Unapoteza vitamini C na foleti kiasi, kwa mtoto huo ni mkataba nakubali. Ya wakubwa kaanga kawaida na nyanya na kitunguu. Wale mnachemsha managu na kumwaga maji ya kwanza juu ya uchungu, mmekuwa mkifanya hii kazi bila kujua. Maji hayo usiyatumie kulainisha chakula cha mtoto kwa blenda, tumia maziwa yake ama maji mengine safi.

Unga wa terere kwa uji ni hatari?

Inategemea ni unga gani. Ule unaosagwa kutoka kwa mbegu za terere hauna shida, mbegu hazirundiki naitreti kama majani. Lakini kuna watu wanakausha majani ya terere ama kunde, wanasaga, wanatia kijiko kwa kila kikombe cha uji wa mtoto wa miezi sita. Kukausha kunatoa maji tu, naitreti inabaki yote kwa kiasi kidogo cha unga. Mtoto aliyepita mwaka mpe kidogo kidogo, wa miezi sita mwache kwanza.

Chakula cha mtoto cha dukani je?

Chakula kilichofungwa vizuri kimechemshwa kikafa bakteria, kwa hivyo naitreti haigeuki ikiwa bado kimefungwa. Ukishakifungua ni kama mboga yako tu, friji ama mwisho wa siku. Si lazima ununue, bei yake kila mtu anaijua.

Maji ya kisima yanahusiana vipi na haya yote?

Yanahusiana kuliko mboga, kwa mtoto anayekunywa maziwa ya kopo. Daktari mmoja huko Iowa, Marekani, Hunter Comly, ndiye alieleza hii kitu mwaka 1945, watoto waligeuka rangi ya bluu na alipofuatilia akakuta maziwa yao yalichanganywa na maji ya kisima cha shamba. Naitreti ya kisima hutoka kwa mbolea na kwa choo.

Ukienda Manyatta ama Nyalenda hapa Kisumu utaona ploti moja iko na choo cha shimo na kisima kifupi hatua chache tu, na maji ya ardhini yako karibu. Mvua ya Aprili ikinyesha huko chini vyote vinakutana. Maji yanatoka baridi, meupe, yana ladha nzuri, na naitreti haina rangi wala harufu wala ladha, huwezi kuijua kwa kuonja.

WHO wanasema maji ya kunywa yasipite miligramu 50 za naitreti kwa lita. Chukua mtoto wa kilo 5 anayekunywa maziwa ya kopo, kwa siku ni kama mililita 750. Kisima kikiwa na miligramu 100 kwa lita huyo mtoto amekunywa miligramu 75, hio ni mara nne ya kile kipimo nilichosema juu. Kila siku. Ndio maana naweka hili swali mbele ya spinachi yoyote.

Nikiyachemsha ama nikitia klorini?

Unaua vijidudu, na lazima ufanye hivyo. Naitreti haiondoki. Kuchemsha sana hata kunaiongeza, lita moja ikikauka ikawa nusu lita, naitreti ni ile ile ndani ya maji nusu. Chujio la kitambaa, jua, mtungi wa udongo, hakuna hata moja inaitoa. Kuna mashine za kuchuja za bei zinazoweza, wengi wetu hatuna.

Njia rahisi ni kubadilisha maji ya mtoto peke yake. Jerikeni moja ya maji ya mfereji ya kampuni ya kaunti, ama maji ya mvua yaliyokingwa kutoka kwa mabati masafi baada ya mvua ya kwanza kuosha paa, yachemshwe kawaida. Kisima kiendelee kuosha nguo na vyombo. Nakuru maji ya mvua yanawasaidia mara mbili, juu visima virefu vya bonde lile vingi viko na floraidi nyingi na meno ya watoto mnayaona yalivyo kahawia. Kupima kisima uliza afisa wa afya ya umma wa wadi yako akuelekeze maabara, na ukipima chagua msimu wa mvua.

Dalili ni gani kwa mtoto mweusi? Naambiwa atageuka bluu.

Usiangalie ngozi ya uso, utapitwa. Angalia midomo kwa ndani, ufizi, ulimi na kucha, zinakuwa kijivu ama zambarau iliyofifia. Mtoto anahema haraka, analia bila kutulia halafu analegea, hataki kunyonya. Hospitali wakitoa damu inatoka rangi ya chokoleti, na hata wakimpa oksijeni rangi hairudi. Ukiona hivyo usingoje asubuhi, na ukifika sema waziwazi mtoto amekula nini na maji yake hutoka wapi, juu mwenye zamu anaweza kufikiria nimonia ama moyo.

Dawa ipo, inaitwa methilini bluu, inapita kwa mshipa. Kwa sisi watu wa ziwa, ambako malaria imekaa miaka na miaka, watu wengi wamezaliwa na upungufu wa G6PD, kimeng'enya kinacholinda chembe nyekundu za damu, na hio dawa inaweza kuwavunjia damu. Kama kwa familia kuna mtu aliwahi kuambiwa ako na hio shida, mwambie daktari kabla hajachoma.

Kitu kingine, ile jeli ya kupaka ufizi wakati meno yanatoka, ikiwa na benzokeini inaweza kuleta hali hii hii. Marekani walionya mwaka 2018 isitumiwe kwa watoto chini ya miaka miwili. Soma pakiti kwa kemia.

Soseji na smoki ziko na naitreti pia?

Ndio, na huko wanatia naitraiti moja kwa moja ndio nyama ibaki nyekundu na isiharibike, kwa pakiti utaona E250. Naitraiti ikikutana na protini ya nyama na moto mkali inatengeneza kemikali zinazohusishwa na saratani ya utumbo, na shirika la utafiti wa saratani la WHO liliweka nyama za aina hio kwenye kundi la kwanza la vitu vinavyosababisha saratani mwaka 2015. Mboga haiko hapo, vitamini C yake inazuia hio kemikali isitengenezwe. Smoki ya kibanda na kachumbari mara moja moja kwa mtu mzima sawa. Kwa mtoto wa miaka miwili kila jioni hapana, na namwona akipewa kila jioni.

Mimi ni mkulima huku Bahati, Nakuru, nafanyaje mboga yangu isizidi?

Gawa mbolea ya kukuzia iwe kidogo kidogo, usimwage CAN leo na kuvuna siku chache baadaye. Kinyesi cha kuku kibichi kinafanya vile vile, kwa hivyo kusema ni ya kienyeji hakuondoi naitreti. Usipande chini ya kivuli cha migomba. Vuna jioni siku ya jua, jani limeshinda likiitumia, kuliko alfajiri ama siku ya mawingu. Najua soko la Wakulima linataka mzigo usiku, lakini hata kuvuna saa kumi jioni badala ya saa kumi na moja asubuhi ni tofauti.

Na wakati wa kiangazi usikatie ng'ombe terere la shambani ama mabua ya mtama yaliyonyauka kwa wingi, naitreti hujaa humo na tumbo la ng'ombe linaigeuza haraka sana, anaanguka kabla daktari wa mifugo hajafika.

Jana nimempa mtoto mboga iliyolala kabla sijasoma hii. Nifanye nini?

Ana miezi mingapi na yuko aje sai? Dalili zikija huja ndani ya masaa machache, hazingoji wiki ijayo. Kama ananyonya, anacheza na midomo iko rangi yake, mpe chakula cha leo kilichopikwa leo. Kama ako chini ya miezi sita ama anaharisha, mpitishe kliniki leo hata kama unaona yuko sawa.